Ndugu Aliyebaki Nje ya Mlango: Namna ya Kuwaenzi Watumishi wa Loji Wasioonekana

Usiku tulipomuaga katibu wetu, mwito wa hafla aliuandika yeye. Majina ya watakaokula aliyakusanya yeye. Hata michango ya zawadi ilipitia mikononi mwake, maana hakuna mwingine aliyekuwa na orodha ya simu za ndugu wote, na ikambidi awakumbushe, kwa adabu zake zote, waliokawia kuchangia zawadi yake mwenyewe. Mkuu wa loji yetu ya Frimasoni akasimama na kumshukuru kwa utumishi wa “zaidi ya miaka 10”. Ilikuwa 19. Tukampa saa ya ukutani. Wiki iliyofuata mkewe alinidokeza, huku akicheka, kwamba ile ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza alipewa kazini na kanisani.

Tulitimiza desturi, tukaenda zetu nyumbani.

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yako wewe utakayeketi kwenye kiti cha mkuu wa loji mwaka huu au ujao, na kwako wewe ndugu wa kawaida unayefika kwenye mkutano, ukala, ukaondoka. Kama hujawahi kukanyaga loji ila uko kwenye chama cha kufa na kuzikana, kwaya, au kikundi cha kuweka na kukopa, soma tu. Majina ya vyeo yanatofautiana, lakini kila chama kina mtu wa kufungua mlango, wa kushika daftari na wa kuhesabu sahani.

Kiti cha mwaka mmoja

Chanzo cha tatizo kimo ndani ya muundo wetu. Katika loji zinazofuata utaratibu wa Uingereza, zikiwamo za Afrika Mashariki zilizo chini ya Loji Kuu ya London, mkuu kwa desturi huketi kitini mwaka mmoja, na kanuni hazimruhusu kupitisha miwili mfululizo bila kibali maalumu. Husimikwa kwa sherehe, hupigiwa makofi, na akitoka hubaki na cheo cha mkuu mstaafu na nishani kifuani. Katibu, mhazini na bawabu hawana ukomo wa namna hiyo. Mtu mmoja anaweza kuwahudumia wakuu 15, kila mmoja akija na mipango yake mipya na kuondoka na nishani yake, naye akabaki na kabati lile lile la mafaili. Heshima zetu zimepangwa kumfuata anayepita. Anayebaki tunamzoea kama nguzo ya nyumba, na nguzo haikumbukwi mpaka siku itakapotikisika.

Ukitaka kuwatambua watu ninaowasema, angalia alama zinazoning'inia kwenye mikufu yao. Katibu huvaa kalamu mbili za manyoya zilizopishana. Mhazini huvaa ufunguo. Bawabu, yule anayelinda mlango kwa nje, huvaa upanga. Anayewaangalia wagonjwa, wajane na mayatima huvaa mfuko wenye moyo juu yake. Wahudumu wa karamu huvaa pembe iliyojaa matunda. Alama hizo zinakuambia kila mmoja anashika nini mkononi wakati wewe umekaa.

Kaa naye jioni moja

Usimshukuru mtu kwa kazi usiyoijua. Hilo ndilo kosa letu la kwanza usiku ule, na lile la hesabu ya miaka lilizaliwa humo humo. Kabla hujafikiria cheti wala kitenge cha mama, mwombe katibu akuruhusu ukae naye jioni moja, wiki ya kabla ya mkutano, umtazame tu.

Mimi nilikaa hivyo na mrithi wa yule tuliyemuaga. Alikuwa na kumbukumbu za mkutano uliopita za kusafisha, mwito wa mkutano ujao wa kupeleka na ajenda yake, fomu za mgombea mmoja wa uanachama za kukagua kama zimetiwa saini zote, barua ya kujibu kutoka ofisi ya wilaya ya loji zetu, na ile taarifa ya mwaka inayotaka jina la kila mwanachama: nani yupo, nani kajiuzulu, nani kafariki, nani hajalipa. Katika muda wa saa mbili na nusu alipokea simu 9. Simu 6 zilikuwa za kuuliza jambo lililoandikwa wazi kwenye mwito ambao kila aliyepiga alikuwa nao kwenye simu hiyo hiyo aliyopigia. Alizijibu zote kwa sauti moja. Mimi nilishikwa na aibu, kwa sababu nami huwa napiga.

Ukiwa hapo, andika unachokiona kwenye karatasi: kazi gani, lini, inachukua muda gani, nani mwingine anajua kuifanya. Karatasi hiyo itakufaa mara mbili. Ndiyo itakayokuwa hotuba yako siku ya kumshukuru, na ndiyo itakayowaokoa siku akiugua. Kwetu katibu alilazwa wiki tatu. Hakuna aliyejua nywila ya barua pepe ya loji, wala aliyekuwa na ufunguo wa pili wa kabati. Mwito haukutoka. Kati yetu 30 na zaidi walikuja 11, na wawili kati ya hao walikosea tarehe wakaja kwa bahati. Ndipo tukaanza kusema, “Kumbe huyu mzee anafanya kazi!” Maneno hayo aliyasikia akiwa kitandani hospitalini, na sidhani kama yalimfurahisha.

Anachokitaka katibu

Makatibu wote niliowauliza jambo hili, na nimewauliza wengi kidogo, wamenijibu kitu kimoja kwa maneno tofauti: jibu kwa wakati. Mwito ukija unauliza kama utakuwepo na kama utakula, jibu siku ile ile. Ada ilipe kabla ya kukumbushwa. Kila ukumbusho anaouandika katibu ni dakika iliyotoka kwenye maisha yake, na zaidi ya hapo unamfanya aonekane mdai wa watu. Loji ambayo ndugu wake wanalipa na kujibu kwa wakati imemshukuru katibu wake mara 10 kwa mwaka bila hotuba.

La pili ni gharama. Mwulize wazi: bando analinunua nani? Wino wa printa? Nauli ya kwenda kukagua ukumbi? Usishangae ukisikia kwamba vyote vinatoka mfukoni mwake, na kwamba hakuwahi kusema kwa sababu kuomba shilingi elfu chache mbele ya ndugu kunamshushia hadhi. Basi usimngoje aombe. Mkuu apeleke hoja kwenye kamati, fungu la mawasiliano liingie kwenye bajeti, lilipwe bila kudaiwa. Tena kanuni za Uingereza zinaipa loji nafasi ya kuweka katika sheria zake ndogo kwamba utumishi wa katibu unahesabiwa sawa na ada yake. Angalia sheria zenu ndogo. Kama kifungu hicho hakimo, kipendekeze, na uandike hoja hiyo wewe mwenyewe, si yeye.

La tatu ni msaidizi wa kweli. Nasema wa kweli kwa sababu loji nyingi zina katibu msaidizi wa jina, kijana mwenye mkufu shingoni ambaye hajawahi kuandika kumbukumbu hata moja. Mpe kazi yenye mipaka: yeye ndiye atakayepokea majibu ya chakula, au yeye ndiye atakayeandika kumbukumbu kila mkutano wa tatu. Katibu wa siku nyingi atasita, kwa kuwa amezoea kufanya kwa mkono wake. Mvumilie. Na kijana naye akikosea mara ya kwanza, mvumilieni wote.

Halafu zisome kumbukumbu zake. Kwenye mikutano mingi tunaziidhinisha kwa kuinua mkono huku tukiwaza foleni ya barabarani. Siku moja inuka useme, “Ndugu katibu, nimesoma kumbukumbu za mwezi uliopita, na ulivyoieleza ile hoja ya jengo umetutendea haki sote.” Mtu aliyeandika kurasa kwa miaka mingi akidhani hazisomwi na yeyote hatasahau sentensi hiyo.

Wenzetu wa vyama vingine wameliona hili zamani. Odd Fellows wa Marekani, udugu ulioanzishwa Baltimore mwaka 1819 na Thomas Wildey, walikuwa na katibu mkuu aliyeitwa James L. Ridgely, aliyeshika kalamu yao kwa miongo kadhaa mpaka kifo chake mwaka 1881. Mwanzilishi alijengewa mnara wake katika mji huo. Katibu naye akajengewa wake, ukasimama katika bustani ya Harlem Park. Nimetafuta minara ya makatibu mahali pengine na sijafanikiwa sana. Wanaochongewa mawe huwa ni majenerali na marais.

Mhazini na heshima ya kukaguliwa

Kwa mhazini mambo ni magumu zaidi, maana kwake kimya chetu huweza kugeuka tuhuma. Katibu akisahaulika atanung'unika. Mhazini akisahaulika, wapo watakaoanza kumhesabia mabati ya nyumba yake.

Katika utaratibu wa Uingereza katibu huteuliwa na mkuu, ila mhazini huchaguliwa na ndugu wenyewe kwa kura, kama anavyochaguliwa mkuu. Wengi hupiga kura hiyo kwa mazoea: “Aendelee yule yule.” Kabla ya kura mwaka huu mwombe mkuu aseme dakika mbili tu kuhusu mwaka wa mhazini: malipo yalitoka kwa wakati, loji haidaiwi na ukumbi, mjane fulani alipata msaada wake bila kuja kuuliza. Kura ile ile ikipigwa baada ya maneno hayo inakuwa na uzito mwingine.

Kisha mkagueni. Nimewahi kumsikia ndugu mmoja akisema kwa upole wote, “Mzee wa watu miaka 12 anatutunzia fedha, leo tumletee wakaguzi?” Akadhani anamheshimu. Kanuni zinataka hesabu zikaguliwe kila mwaka, na kuacha kufanya hivyo kwa kisingizio cha heshima ni kumwacha mzee huyo uchi. Siku fitna itakapozuka, na kwenye fedha za watu fitna huzuka, atakuwa na nini cha kuonyesha zaidi ya umri wake? Chagueni ndugu wawili wanaojua tarakimu. Wakae naye, wapige chapa risiti, walinganishe daftari na taarifa ya benki. Wakikuta pengo, wamwulize yeye kwanza wakiwa faragha, kwa sababu mara nyingi risiti imo ndani ya koti lingine. Matokeo yasomwe mkutanoni yeye akiwepo, kwa sentensi kamili: tumeona vocha zote, salio la benki na la daftari ni moja. Hapo ndipo pa kupiga makofi. Sijui zawadi inayomfaa mhazini kuliko hiyo.

Na jambo moja la siku hizi. Msitume ada za loji kwenye namba ya simu ya mhazini binafsi, hata kama ni rahisi, hata kama yeye mwenyewe amekubali. Fedha zenu zikichanganyika na za karo ya wanawe, mmemtia katika mtihani ambao hakuuomba. Akifariki ghafla, michango yenu ya mwaka itaingia kwenye hesabu ya mirathi, na mtakwenda kumdai mjane msibani. Fungueni akaunti ya loji yenye watia saini wasiopungua wawili, au pateni lipa namba yenye jina la chama. Kumlinda mtu kabla hajahitaji kulindwa ni sehemu ya kumshukuru.

Bawabu

Nimemweka bawabu hapa katikati, ingawa moyoni mwangu yuko mbele.

Kazi yake ni kusimama nje ya mlango akiwa na upanga, mlango ukiwa umefungwa, ndugu wote wakiwa ndani. Anahakikisha anayeingia ana haki ya kuingia, anawatayarisha wagombea, anatoa taarifa kwa kugonga mlango. Yale tunayoyafanya ndani, yanayotufanya tupende loji, yeye huyasikia kupitia ubao. Mara nyingi ni mkuu mstaafu mwenye mvi, mtu aliyewahi kuketi kwenye kile kiti, sasa amekubali kukaa nje ili wengine waketi.

Loji Kuu ya kwanza ilipoundwa London tarehe 24 Juni 1717, kwenye kilabu cha pombe kilichoitwa Goose and Gridiron, aliyechaguliwa kuwa Mkuu wa kwanza aliitwa Anthony Sayer. Mambo yake ya kimaisha hayakumwendea vizuri. Mfuko wa hisani wa ndugu ulimsaidia zaidi ya mara moja, na katika miaka ya 1730 alikuwa bawabu wa loji iliyoitwa Old King's Arms, kazi yenye malipo. Mtu wa kwanza kukalia kiti cha juu kuliko vyote alimaliza safari yake akiwa mlangoni. Wapo wanaoisimulia habari hiyo kama masikitiko. Mimi naiona vingine: ndugu hawakumwacha aanguke, wakampa kazi badala ya kumpa sadaka peke yake. Ila kila nikimwona bawabu wetu najiuliza kama wale vijana waliopita mbele ya Sayer wakienda kuketi ndani walimjua ni nani.

Basi anza kwa salamu. Ukifika, usimnyooshee mkono kuomba kalamu ya daftari la mahudhurio kabla hujamjulia hali. “Shikamoo mzee” haipunguzi hadhi ya cheo chochote ulicho nacho. Hakikisha ana kiti chenye mgongo, taa inayowaka na chupa ya chai, kwa maana kumbi zetu nyingi zimepambwa ndani na kusahauliwa kwa nje, penye mbu. Loji nyingine humlipa bawabu posho. Ilipwe usiku huo huo, kwenye bahasha, na mkono wa mkuu au mhazini. Asiifuate.

Lililo kubwa ni hili. Angalau mara mbili kwa mwaka, mtu mwingine ashike upanga na bawabu aingie ndani aketi. Anayefaa zaidi kumpokea ni mkuu aliyemaliza muda wake hivi karibuni: itamfundisha kitu ambacho kiti hakikumfundisha. Tulipofanya hivyo kwetu mara ya kwanza, mzee alikataa. Tulipomsisitiza aliingia, akaketi karibu na mlango kana kwamba ataitwa kutoka wakati wowote. Alikuwa amewatayarisha vijana wengi kwa mikono yake, akiwavusha kizingiti mmoja mmoja, na ilikuwa imepita miaka hajamwona yeyote kati yao akipokelewa ndani.

Karamu ikifika mwisho, kwa desturi ni bawabu anayetoa dua ya mwisho ya kunyanyua bilauri, ya kuwakumbuka ndugu maskini na walio taabuni popote walipo duniani. Wakati huo nusu ya meza huwa imeshika funguo za gari. Ziache mezani. Ni dakika moja, na ndiyo dakika pekee ya usiku mzima ambayo sauti yake inasikika ndani.

Wengine, na siri zao

Anayeshughulikia wagonjwa na wajane hushukuriwa kwa njia ya peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake haisemeki. Anajua nani amefukuzwa kazi na anaficha, nani mtoto wake yuko hospitali ya magonjwa ya akili, mjane yupi hana kodi ya mwezi huu. Usimsifu hadharani kwa mifano, maana mifano hiyo ni siri za watu. Mfuate ukamwambie, “Ukienda wodini Jumamosi, twende wote, mimi nina gari.” Kisha nenda kweli. Nimeona watu wakiahidi gari na simu zao zikazimika Jumamosi asubuhi.

Wahudumu wa karamu nao hula mwisho, na mara nyingi wali umeshapoa na kilichobaki kwenye sinia ni shingo ya kuku. Tengeni sahani zao kabla ya kuanza kupakua. Siri ya jambo hili haina kina zaidi ya hapo.

Siku ya kumshukuru mbele za watu

Sherehe nayo ina nafasi yake, siikatai. Ila ifanye kwa akili. Hakikisha mwaka aliokuja kwenye kazi, tarehe aliyopokewa loji, idadi ya wakuu aliowahudumia. Majibu yote yamo kwenye kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, kwa hiyo mtu mwingine akazifunue. Hotuba isizidi dakika tano, na iwe na tukio moja linalojulikana badala ya sifa 20 zinazoweza kusomwa kwa mtu yeyote. Kwa zawadi, mwulize mwenzi wake. Kuna mzee mmoja mkewe alituambia anachohitaji ni miwani mipya ya kusomea; tukamlipia vipimo na fremu, na tangu hapo tunaiona puani mwake kila mkutano.

Mwenzi wake mwalikeni kwenye jioni ya familia, na ashukuriwe kwa jina. Nyumba hiyo imeazima baba yake kwa loji miaka mingi. Wapeni na asante ya bure: baada ya saa tatu usiku hapigiwi simu ya loji isipokuwa kuna msiba.

Kuhusu jina lake nje ya loji, omba ruhusa kwanza. Kwetu huku neno Frimasoni likitajwa kijiweni watu hugeuza shingo, na kwenye nguzo za umeme kuna matangazo yenye namba za simu yanayoahidi utajiri wa kujiunga nao, utapeli mtupu ambao makatibu wetu wanachoka kuukanusha. Tanzania ilipata mtu mmoja aliyelisema jambo hili mchana kweupe, marehemu Sir Andy Chande, aliyeongoza loji za Afrika Mashariki tangu 1986 kwa karibu miongo miwili na kufariki mwaka 2017. Yeye alikuwa na jina kubwa la kumkinga. Katibu wako ni mwalimu, au ana duka la vipuri mtaani, na picha yake akiwa na aproni ikisambaa kwenye makundi ya simu, wewe umefurahi na yeye ameanza kuulizwa maswali na wateja. Akikuambia hapana, mshukuruni ndani, milango ikiwa imefungwa.

Utawasikia ndugu wakisema sifa huharibu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali ni ya kweli, ila tuitumie mahali pake. Mgema anayetia maji ni yule anayesifiwa na watu wasiolionja tembo lake. Uliyekaa naye jioni, ukasoma kumbukumbu zake, ukakagua daftari lake, umelionja. Sifa yako inamwambia kwamba likibadilika utajua.

Sifa ninayoiogopa ni nyingine: “Bila wewe hii loji haipo.” Tunaisema kwa mapenzi, na mtu wa miaka 70 anaisikia kama hukumu ya kifungo. Anazidi kuchoka na hawezi kusema. Kwa hiyo kila mwaka, miezi miwili kabla ya kusimikwa mkuu mpya, mkuu anayekuja amfuate kila mtumishi wa muda mrefu faragha na kumwuliza kama anataka kuendelea, na aulize kwa namna ambayo “hapana” inaweza kutoka bila aibu. Wapo pia wasiotaka kuachia, wanaoficha nywila na kujibu barua wanazozipenda. Hao nao wana haki ya kushukuriwa, na loji ina haki ya kupata katibu mpya. Weka vyote viwili usiku mmoja: mpe uanachama wa heshima, mpe mwaka wa kumfundisha mrithi wake, na mpokee kabati.

Usisahau vyeo vya heshima vya wilaya na vyeti vya miaka 50 ya uanachama. Kwetu karatasi za kuwapendekeza ndugu hujazwa na katibu, naye katika miaka 19 aliwajazia wenzake wengi. Yake hakuijaza kamwe, na hakuna mkuu aliyeuliza. Fomu hiyo ijaze wewe.

Na mwito wa mkutano ujao upo kwenye simu yako tangu wiki iliyopita. Ujibu sasa, useme kama utakula. Anahesabu sahani.